Zamu ya Kula Nyumbani Kwetu

Xavery hakujua kukaa. Ukimpa kigoda, anakikalia upande, mguu mmoja uko tayari kuondoka. Kanisani alisimama nyuma, karibu na mlango, na mahubiri yakirefuka alitoka nje kutazama mawingu kisha akarudi. Mke wangu Bibiana alikuwa akisema, "Huyu hata akifa, jeneza itabidi lifungwe kamba." Alimpenda sana. Sasa Bibiana mwenyewe amelala nyuma ya nyumba, udongo wake haujakauka, na mimi nimebaki ndani sijui niifanyie nini mikono yangu. Kusoma na kuandika nilijifunzia ukubwani, kwenye kisomo. Basi naandika habari za Xavery. Bibiana angetaka ziandikwe.

Alizaliwa Mbulu. Aliletwa huku juu ya Karatu akiwa mgongoni mwa mama yake, watu wetu Wairaqw walipokuwa wakipanda kutafuta ardhi karibu na msitu wa Ngorongoro. Baba yake alikufa mapema. Alipopata nguvu akawa mtu wa kuswaga ng'ombe. Alishuka mpaka Olbalbal, kule kwenye vumbi, akanunua madume kwa Wamasai, akawapandisha na kuwapitisha msituni hadi mnadani Karatu. Huko Olbalbal alikuwa na rafiki, Saruni, aliyemfundisha mluzi wa vidole viwili. Mluzi ule ng'ombe wakiusikia wanasimama. Na Domitila, mke wa Xavery, akiusikia kutoka msituni alijua mume anarudi, akabandika sufuria.

Nyumba yake na yangu zinatazamana. Katikati pana korongo. Ukisema kwa sauti upande huu, upande ule wanakujibu.

Katekista wetu, Sylvesta, ndiye aliyeanzisha mkutano wa wanaume. Kanisani walijaa wanawake. Wanaume tulikuwa watu wa Krismasi, Pasaka na mazishi. Akatuita kila Alhamisi tukitoka shamba, tukakaa kwenye magogo nje ya kigango, kanisa letu dogo. Kila Kwaresima kila mwanaume alisimama mbele ya wenzake akatoa neno lake, jambo atakalolishika mpaka Pasaka.

Thomasi alisimama akasema, "Mimi naacha pombe."

"Ipi?" mtu akauliza.

"Yangu."

"Na ya kwetu?"

"Ya kwenu siwezi kuwadharau."

Ndivyo tulivyokuwa. Tulicheka, lakini maneno yalishikwa. Waliozoea kupiga wake zao waliacha kupiga, wengine mpaka Pasaka tu, wengine kabisa.

Mwaka ninaousema, vita vya Uganda vilikuwa vimekwisha karibuni. Sabuni haikupatikana, sukari haikupatikana, magari yalilala kwa kukosa dizeli. Sylvesta akasema, mwaka huu tusile kila mtu na shida zake. Kila Alhamisi tule nyumbani kwa mmoja wetu, kwa zamu, kile kilichopo. Tukakubali. Xavery akasimama. Kwa kweli alikuwa amesimama tangu mwanzo.

"Mimi neno langu ni fupi. Sitaruka nyumba ya mtu."

Thomasi akadakia, "Wewe uruke nyumba yenye chakula? Hiyo si ahadi, ndugu yangu. Hiyo ni njaa."

Mimi nilicheka kuliko wote. Sikujua nyumba inayosemwa ni yangu.

Bibiana alikuwa mjamzito. Baada ya Sara, binti yetu, hatukupata mwingine, na Sara alikwisha olewa Mbulu. Mimi kichwa kilikwisha ingia mvi. Watu walinitania njiani, nami nilipenda kutaniwa. Kisha siku moja akiwa shambani, mimba iliharibika. Sitaandika zaidi ya hapo.

Asiye wa kwetu nitamweleza kwa ufupi. Jambo kama hilo likiingia nyumbani, nyumba inakuwa metimani. Inafungwa. Hakuna anayeingia, hakuna anayekupa mkono. Huombi moto, huchoti maji kwenye chemchemi ya wote, ng'ombe wako hawachanganyiki na wa watu. Si kwamba unachukiwa. Watu wanaogopa lililokupata lisiwapate, hasa wenye mimba na wenye watoto wachanga. Inakuwa hivyo mpaka wazee waseme basi.

Mzee Tajewo, jirani yetu, alikuja akasimama mbali. Yeye hakuwa Mkristo.

"Bonifasi, unajua."

"Najua, mzee."

Akalaza tawi la miiba kwenye njia yetu. Kabla ya kuondoka akaacha chini kibuyu cha maziwa, upande wetu wa tawi.

Mvua zilikuwa zinakaribia. Wakati wa kupanda kwetu watu huitana, leo kwako kesho kwangu. Aliyefungwa haitwi wala haiti. Nilikuwa na shamba lote, mikono miwili, na mke asiyeweza kuinuka. Nilijua mwaka ule tutakula nini. Hatutakula.

Na Alhamisi iliyofuata zamu ilikuwa yetu.

Mkutanoni sikuwepo. Thomasi ndiye aliyenisimulia baadaye. Sylvesta alisema, "Tutawaombea tukiwa hapa hapa. Wakifunguliwa, tutakwenda." Yeye alikuwa na watoto wadogo. Simlaumu. Xavery alikuwa akitembea nyuma ya magogo, anakwenda, anarudi.

"Katekista, tulisema tutaomba, au tulisema tutakula?"

"Xavery, kaa chini."

"Nimeuliza."

"Mke wako ana mimba kubwa. Nawe umeuliza."

Thomasi anasema hapo Xavery alikaa. Alikaa kabisa, na mikono juu ya magoti. Hakuna aliyewahi kumwona hivyo.

Siku zile tulimwona ng'ambo ya korongo. Anapanda na ukingo, anashuka na ukingo. Bibiana alimwona kupitia mlangoni, pale alipokuwa amelala.

"Yule amepoteza nini?"

"Hajapoteza kitu."

"Basi mwambie akae. Ananichosha."

Alhamisi ilipofika alikuja. Hakupita njiani penye tawi. Alikata moja kwa moja korongoni, akatokea shambani, kwenye migunda yetu na jembe begani, mfuko wa unga mkononi, na blanketi shingoni.

"Hodi!"

Bibiana akapiga kelele kutoka ndani, "Usimkaribishe! Baba Sara, usimkaribishe!"

Nikatoka. "Rudi, Xavery. Domitila yuko karibu kujifungua."

"Nimekuja kula, mzee. Leo ni zamu yenu."

"Na kesho?"

"Kesho tunapanda."

"Na nyumbani kwako?"

Akashika blanketi lake. Hapo nikaelewa. Alikuja kukaa. Akishaingia kwetu, hatarudi kwa mkewe mpaka mtoto azaliwe salama, au mpaka wazee watufungue. "Sitawapelekea," alisema. Basi si kwamba hakuamini metimani. Aliiogopa kama mimi, pengine kunizidi. Aliogopa, akaja, akabeba na mwiko wenyewe wa metimani mgongoni.

Alikula akiwa amesimama mlangoni. Ugali na maziwa ya Tajewo.

Siku ya pili Sylvesta alikuja mpaka kwenye tawi. Alikuwa na hasira.

"Xavery! Unanitia aibu. Kama umekwenda kwa imani, ule urudi kwa mkeo. Huku kulala huko ni kuitumikia miiko!"

Tajewo naye alikuwa amefika, amesimama hatua kadhaa kutoka kwake. "Na kama anashika mila," akasema, "asingeingia."

"Mzee amesema kweli," Sylvesta akasema.

"Na wewe umesema kweli," Tajewo akajibu.

Wakatazamana. Hawakuwahi kukubaliana jambo lolote wale wawili. Ndani nikasikia Bibiana anacheka, cheko dogo, la kwanza tangu siku ile.

Tukapanda. Mvua ilitukuta shambani, tukaendelea. Xavery alilima kama mtu anayefukuzwa. Akimaliza mstari wake anaingia kwenye wangu. Jioni hakupumzika. Alikata nyasi akaezeka paa ambalo halikuvuja. Alitengeneza uzio ambao ulikuwa mzima. Bibiana, alipoanza kuweza kukaa nje, akamwambia, "Mwanangu, nyumba yetu utaimaliza kwa kuitengeneza."

Kabla jua halijazama alikwenda ukingoni mwa korongo akapiga mluzi. Siku za kwanza Domitila hakutoka. Mlango wake ulikuwa wazi, moshi unaonekana, yeye haonekani. Xavery anapiga tena, ng'ombe wa watu wanainua vichwa, Domitila kimya. Siku moja akatoka, mkono mmoja kiunoni, tumbo limemtangulia.

"Baba Hyasinta! Umeshiba?"

Hyasinta ni binti yao wa kwanza.

"Mama Hyasinta, nisikilize..."

"Nimekwisha kusikia! Bonde zima limekusikia! Wanaume uliwaahidi kwenye magogo. Mimi uliniahidi altareni. Nani alitangulia?"

Wanawake waliokuwa wakipanda upande ule wakasimamisha majembe.

"Nakulinda!" Xavery akasema.

"Unanilinda na nini? Maji nani ananichotea? Kuni nani analeta? Mama yako amezeeka, Hyasinta hata ndoo inamshinda. Unanilinda kutoka huko, macho tu, kama mlinzi wa shamba la mzungu!"

Bibi mmoja akacheka kwa sauti. Domitila akageuka akaingia ndani. Mlango ukafungwa.

Xavery akarudi kwetu, akachukua panga, akaliweka, akachukua jembe, akaliweka. Nikamwambia, "Nenda nyumbani. Zamu yangu umekula, shamba langu umepanda. Neno lako limetimia."

"Na nikienda, mtoto akadhurika?"

"Na ukikaa, akadhurika?"

"Mzee," akasema, "hilo usiniulize." Akatoka kwenda kutazama uzio.

Hivyo ndivyo tulivyoishi. Bibiana hakunilaumu kwa kumpokea, lakini kila mluzi ulipolia alifunika uso kwa kanga. Aliniambia, "Mtoto yule akipata neno, nitasema ni mimi. Nimepoteza wangu, sitaki wa Domitila aniangukie." Alimwombea mtoto ambaye si wake, asubuhi na jioni, kwa sauti ndogo. Na mimi niliogopa vile vile, ila sikusema.

Pasaka ilikuwa karibu. Siku moja mvua ilinyesha tangu asubuhi, ukungu wa msituni umeshuka mpaka kwenye migunda. Mchana tukasikia sauti ya mama yake Xavery ng'ambo.

"Xavery! Xavery wee! Uchungu umemshika tangu jana na mtoto hashuki! Mkunga anasema apelekwe Karatu!"

Gari hapakuwa. Ilibidi abebwe kwa machela mpaka kwenye zahanati ya masista. Tukawaona Sylvesta na Thomasi wanafika na miti miwili na blanketi. Wanaume wengine walikuwa wameshuka mnadani. Walikuwa wawili tu, na machela inataka mabega manne.

Xavery alikwisha shuka korongoni. Maji yalikuwa yanapita kwa nguvu, yamemfika magotini. Akafika katikati, akasimama. Sijamwona akisimama hivyo tena. Ukingo wa pili alikuwepo Tajewo. Tajewo hakumkataza. Alimtazama tu, naye Xavery akamtazama. Nilijua anachofikiri, kwa sababu nilikuwa nakifikiri mimi: akivuka, anampelekea. Asipovuka, mke anakufa mlangoni.

Wakamtoa Domitila nje, wakamlaza kwenye blanketi. Akainua kichwa. Hakuita Baba Hyasinta.

"Xavery!" aliita. "Njoo unibebe."

Akavuka.

Mimi nilikuwa bado nimesimama upande wetu. Nikasikia mkono mgongoni. Bibiana alikuwa ametoka kwenye mvua.

"Na wewe unangoja nini? Hujui kuhesabu mabega?"

Nikavuka korongo. Nilipofika kwenye machela nikanyoosha mkono kuushika mti, nikaona Thomasi anaitazama mikono yangu. Mkono wangu ukarudi wenyewe. Tangu siku ile ya Bibiana sikuwa nimemgusa mtu mwingine ila Xavery. Sylvesta alikuwa ameinama upande wa pili. Akauchukua mkono wangu, akauweka juu ya mti karibu na wake.

"Shika vizuri, mzee. Kuna utelezi."

Thomasi naye akashika wa kwake. Tukainua.

Njia ya kushuka ilikuwa tope tupu. Xavery alikuwa mbele pamoja nami, na kila mara alitaka kukimbia. "Pole pole!" Domitila anamwambia. "Hubebi ndama!" Thomasi nyuma alikuwa anasali na kutukana mawe kwa pumzi moja. Tajewo alitembea mbele yetu sana, mbali, asiguse wala asiguswe, lakini alitembea. Alikuwa na panga. Kila tawi lililoangukia njia alilikata akalitupa pembeni. Mzee wa umri ule, kwenye mvua ile, mpaka barabara kubwa. Hapo akasimama kando akatupisha, akageuka akapanda mlima.

Kwa masista walimpokea mara moja. Sisi tukabaki kwenye baraza, matope mpaka kiunoni. Xavery akaanza kwenda na kurudi, kwenda na kurudi. Mlinzi akamwambia, "Wewe, si ukae?"

"Mwache," Thomasi akasema. "Huyu akikaa, mtoto atadhani ameshafika, asitoke."

Hakuna aliyecheka. Baadaye Xavery hakuweza hata kubaki barazani. Akazunguka nyuma ya jiko. Ndipo tukasikia mtoto analia ndani. Na huko nyuma ya jiko, bila kujua, Xavery alikuwa anapiga mluzi wake wa jioni.

Sista akatoka. "Baba wa mtoto ni nani kati yenu?"

Kabla hatujajibu, sauti ya Domitila ikatoka ndani, dhaifu lakini ndiyo ile ile: "Ndiye huyo anayepiga mluzi. Mwambieni anyamaze, amemzidi mtoto kwa kelele."

Alikuwa msichana. Wakambatiza Evarista.

Wazee walikutana kuhusu sisi. Tawi lilikuwa limekauka, Tajewo akaliondoa kwa mkono wake, wakasema tumefunguliwa. Sijui kama walitufungua, au walishindwa kujua nani amemgusa nani. Mila haikuisha siku ile. Nyumba nyingine zilifungwa baada yetu, na Alhamisi nyingine wanaume walibishana kwenye magogo. Wako waliokwenda, wako waliobaki. Sitasema tulikuwa hodari.

Ila jambo moja lilibadilika, na aliyelibadilisha ni Domitila. Alikuja mkutanoni, mtoto mgongoni, mwanamke peke yake kati ya wanaume, akamwambia Sylvesta, "Kuanzia sasa, kabla mwanaume hajasimama hapa kutoa neno lake, akalitoe kwanza nyumbani. Mkewe akisema sawa, ndipo alilete kwenye magogo." Sylvesta aligeuza kofia yake, akasema sawa. Ikawa sheria yetu mpaka leo. Maneno mengi makubwa yameishia jikoni, na yaliyofika kwenye magogo yameshikwa zaidi.

Xavery alichota maji. Kila asubuhi, ndoo mkononi, kwenye chemchemi katikati ya wanawake, mpaka Evarista alipoacha kunyonya. Walimcheka wakachoka. Kwaresima iliyofuata alisimama akasema, "Neno langu mwaka huu nimepewa tayari," na hakuna aliyeuliza ni lipi.

Bibiana hakushika mimba tena. Evarista alijifunza kutembea kwenye uwanja wetu. Alivuka korongo peke yake kabla hajajua kusema sawasawa, na Bibiana alimwekea kikombe chake, hakuna mwingine aliyekinywea. Kikombe hicho kipo hapa mbele yangu.

Tulipomzika Bibiana watu walikuja, padri alikuja, Sara alikuja na wanawe. Kisha wakaondoka. Kwa mila mjane wa kiume naye nyumba yake hufungwa. Tajewo alikwisha kufa. Wanawe walipita njiani jana, wakasimama kidogo, wakanisalimu kwa mbali. Hawakuweka tawi. Hawakuingia pia.

Leo nikasikia majani ya mahindi yanachakarika upande wa korongo. Akatokea Xavery, kichwa cheupe, hakupita njiani. Nyuma yake Domitila na chungu kichwani, anamfokea kwamba wazee hupita njiani.

"Hodi!"

"Sina chakula, Xavery."

"Tumekuja nacho," Domitila akasema, akapita ndani bila kungoja.

Tukala. Domitila akaanza kufagia na kuosha vyombo vya Bibiana, kimoja kimoja. Xavery akatazama huku na huku. Kigoda cha Bibiana kilikuwa karibu na moto. Akakivuta, akakaa. Alikaa kabisa, miguu yote miwili chini, na mikono juu ya magoti, kama vile Thomasi alivyonisimulia. Akanitazama.

Sikuweza kuvumilia. Nikamwambia, "Inuka, bwana. Usikae hivyo mbele yangu."

Akainuka. Akatoka kutazama uzio. Uzio ni mzima, niliutengeneza mwenyewe mwezi uliopita. Lakini namsikia huko nje, anagonga.